Kwa mnaotaka kuviona vijiji vya China: nendeni kama wageni wa mtu

MtoKiwira

Wakuu, habari za wakati huu.

Nyuzi za China humu ni nyingi, ila karibu zote ni Guangzhou, Yiwu, bei za mzigo, viza na vyuo. Za kijijini sijaziona. Mimi nasoma Changsha, mkoa wa Hunan, na likizo zangu nyingi nazimalizia vijijini, kwa familia za watu ninaosoma nao. Nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu naamini Mwafrika anaweza kukaa China miaka mingi, akajua kila soko na kila njia ya treni ya chini ya ardhi, na bado nusu ya nchi ikampita.

Sababu ya pili ni kwamba wengi wanaokwenda vijijini wanakwenda vibaya. Wanatafuta jina la kijiji mtandaoni, wanafika bila mwenyeji, simu mkononi, wanamtafuta bibi mwenye makunyanzi na nyumba ya udongo, wanapiga picha na kuondoka jioni. Hakuna atakayewafukuza. Watapewa hata maji ya moto ya kunywa, maana ndiyo heshima ya kwanza kwa mgeni. Lakini watakuwa wameona kuta tu.

Kijiji cha China, hasa kusini, ni ukoo. Utakuta kijiji kizima karibu wote wana jina moja la ukoo. Wana jumba la mababu, na wana kitabu cha nasaba kinachoorodhesha vizazi tangu babu wa kwanza aliyehamia pale, na kila baada ya miaka kadhaa wanaketi kukichapisha upya. Mtu anapotokea asiye na uhusiano na yeyote, hawajui wamweke wapi. Ukiingia ukiwa mgeni wa mtoto wa fulani, umeshapata pa kuwekwa: utajua umwite nani babu, nani shangazi, na kila nyumba itakuwa na sababu ya kukufungulia.

Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni huo ulio kwenye kichwa cha uzi. Tafuta mtu kwanza, kijiji kitafuata. Mtu huyo anaweza kuwa mwanafunzi mwenzako, mtu wa kiwandani unayenunua kwake mzigo, jirani, au fundi anayekutengenezea simu. Wachina wengi wa mjini wana kwao, na mwisho wa mwaka wanakwenda.

Naendelea hapo chini.

MtoKiwira

Wakati mzuri kuliko yote ni Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, yaani mwaka mpya wao. Tarehe inabadilika kwa sababu inafuata mwezi mwandamo: mwaka 2024 iliangukia Februari 10, 2025 Januari 29, 2026 Februari 17. Ni wakati mgumu kwa usafiri. Pilikapilika zile za watu kurudi kwao zinahesabiwa kwa siku 40, na tiketi za treni hufunguliwa siku 15 kabla ya safari kwenye programu ya reli, 12306. Jisajili mapema kwa pasipoti yako, maana kuthibitishwa kwa mgeni kunaweza kuchukua muda, na tiketi za njia zenye watu wengi huisha ndani ya dakika chache.

Kwa nini nasema wakati huo? Kwa sababu ndipo kijiji kinapokuwa na watu. Chukueni wilaya ya Xinhua, hapa hapa Hunan, ninayoijua zaidi. Ni milima na mashamba ya mpunga ya ngazi. Yale ya Ziquejie yaliingizwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2018 kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani, pamoja na mengine ya kusini mwa China, na cha ajabu ni kwamba yanamwagiliwa na chemchemi za mlimani peke yake. Maji yanashuka shamba hadi shamba. Lakini ukienda mwezi wa sita utakutana na wazee na watoto. Watu wa Xinhua wanajulikana China nzima kwa biashara ya maduka ya kutoa nakala na kuchapisha. Ukiingia duka la fotokopi karibu na chuo katika mji wowote mkubwa, kuna uwezekano mkubwa mwenye duka ni wa Xinhua. Wengine wapo viwandani mkoa wa Guangdong.

Nyumba wamejenga. Utaona ghorofa tatu zimevikwa vigae, geti la chuma, ndani sebule kubwa na picha za mababu, na anayelala humo miezi kumi na moja ni bibi na wajukuu wawili. Msifikiri wazazi hawajali. Mfumo wa usajili wa makazi, ulioanza mwaka 1958, unamfunga mtu na mahali alipoandikishwa, na ingawa umelegezwa sana, kumpatia mtoto nafasi katika shule ya serikali ya mji mkubwa bado ni shida kwa mfanyakazi aliyetoka mashambani. Basi mtoto anabaki kwa bibi, na wazazi anawaona kwenye simu.

Halafu siku chache kabla ya sikukuu magari yanaanza kuingia. Namba za Guangdong, namba za mkoa wa Zhejiang, barabara ya kijiji inaziba. Usiku wa mkesha meza ile ya watu watatu inakuwa ya watu ishirini. Ukiwa pale siku hizo ndipo utakapojua ile nyumba ilijengwa kwa ajili ya nini.

Na mkiweza, bakini mpaka waondoke. Wengi wanaondoka kati ya siku ya sita na ya nane ya mwaka mpya. Bibi anaamka alfajiri, anajaza buti la gari: mchele, mayai yaliyopangwa kwenye pumba yasivunjike, nyama iliyokaushwa kwa moshi, mafuta ya kupikia, kuku hai mguu umefungwa. Mtoto wa darasa la pili amejificha chumbani kwa sababu anajua. Mimi nimeliona hilo na sitaki kulipamba. Nalisema kwa sababu anayedhani amekwenda kuangalia mila na fataki ajue kwamba ameingia kwenye nyumba za watu katika siku zao nzito kuliko zote.

Bint wa Pangani

Asante sana kaka kwa uzi huu, umenigusa. Swali langu ni la chakula. Mimi Muislamu, nipo Hangzhou mwaka wa pili. Rafiki yangu amenialika kwao mkoa wa Jiangxi, na nimeogopa kumjibu kwa sababu najua kila kitu ni nguruwe. Niende au nisiende? Na pombe je?

MtoKiwira

Dada, nenda, lakini mweleze rafiki yako sasa, usisubiri ukifika. Huko nyama ya nguruwe ni moyo wa sikukuu. Mwezi wa mwisho wa mwaka familia inachinja nguruwe, majirani wanaitwa kula, inayobaki inatiwa chumvi na kuning'inizwa juu ya moto wiki kadhaa. Tatizo lako kubwa halitakuwa nyama ile inayoonekana, litakuwa mafuta. Mboga za majani zinakaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na mama mwenye nyumba atakuambia kwa moyo mweupe kwamba hii ni mboga tupu. Rafiki aeleze kwamba hata mafuta na supu. Wachina wanalielewa jambo hili haraka ukisema wewe ni Muislamu, kwa sababu Waislamu wapo nchini kwao. Mayai, samaki, tofu na viazi vitamu havikosi kijijini. Nunua sufuria ndogo na chupa ya mafuta ya mimea, upeleke kama zawadi ya jiko; inamwondolea mama wasiwasi wa vyombo vilivyokwisha kupikiwa nguruwe.

Suala la pombe ni jepesi kuliko unavyodhani. Mwanamke hashinikizwi sana. Inua kikombe cha chai au soda, simama wakati wa kumtakia mzee heri, gusa kikombe chako chini kidogo ya ukingo wa kikombe chake, imekwisha. Wanaume ndio wanaotafutwa. Pombe yao ya mtama ni kali, nyingi zina zaidi ya asilimia 50, na kila mjomba atataka kunywa na wewe peke yako. Mwanamume asiyekunywa aseme hivyo kwenye kikombe cha kwanza kabisa. Ukinywa cha kwanza na kukataa cha pili, umemdharau wa pili.

Nyota_ya_Lanzhou

Naomba nichangie hapo kwa dada yetu. Mimi nasoma Lanzhou, mkoa wa Gansu. Dada, ukipata nafasi njoo huku kaskazini magharibi. Kusini magharibi mwa Lanzhou kuna Linxia, jimbo dogo la Wahui, ambao ni Waislamu wanaozungumza Kichina. Ndani yake ipo wilaya ya Wadongxiang, Waislamu pia, wenye lugha yao ya asili ya Kimongolia. Vijiji vimejaa misikiti. Ukisema salamu aleikum mzee anasimama.

Mimi nimekula Idd el-Fitr katika kijiji cha Wadongxiang. Asubuhi wanaume wanatoka msikitini, wanakwenda makaburini kuwasomea wazazi, kisha zinaanza nyumba: mkate wa kukaanga, kondoo wa kuchemsha anayeliwa kwa mkono na vitunguu saumu vibichi, viazi. Chai wanaiweka kwenye kikombe chenye kifuniko na kisahani, ndani kuna tende za Kichina, sukari mawe na matunda makavu, na kila ukipunguza wanaongeza maji ya moto. Unakaa juu ya kitanda cha matofali kinachopashwa moto kwa chini, wanachoma mabua ya mahindi. Nje theluji, wewe umekunja miguu juu ya joto.

Jambo moja niongeze: wanawake wa huko wana staha kubwa, na wageni wa kiume hukaa na wanaume. Dada atapokelewa jikoni na ndani kabisa, mahali ambapo mimi sikufika. Kwa hiyo ataona zaidi yangu.

MtoKiwira

Shukrani mkuu, hilo la kaskazini sikulijua hivyo.

Umegusa joto na mimi niongeze la baridi, kwa sababu watu wa kwetu wanadhani kusini mwa China ni joto. Mstari wa mto Huai na milima ya Qinling unaigawa nchi: kaskazini yake miji ina joto la mabomba, kusini yake hakuna. Hunan mwezi wa kwanza inaweza kushuka karibu na nyuzi sifuri, yenye unyevunyevu, na ndani ya nyumba ni sawa na nje. Watu wanakula wamevaa makoti. Familia inakusanyika kwenye meza yenye hita chini yake na blanketi zito juu, miguu inaingia humo, na siku nzima inapita hapo: karata, mbegu za alizeti, machungwa, mazungumzo. Usiku utaletewa beseni la maji ya moto uoshe miguu kabla ya kulala. Likubali. Kwao huyo ni mgeni aliyetunzwa, na kitandani utalikumbuka beseni hilo kwa shukrani.

Halafu wale wa Pwani watashangaa kuona popoo Hunan. Ndiyo, popoo hii hii ya tambuu. Wao wanakausha ganda, wanalitia ladha, wanatafuna njiani, kwenye basi, kwenye karata. Atakayekukaribisha moja, jua ni kali, inabana kifua kwa asiyezoea, na madaktari wa huko wanaipinga kwa saratani ya kinywa. Pokea kwa mikono miwili, weka mfukoni.

Dada wa Kapsabet

Hamjambo. Mimi niko Nairobi, ninapanga kusafiri peke yangu. Niambieni ukweli bila kupaka rangi: mwanamke Mwafrika, mweusi hasa, nywele za asili, akiingia kijijini kunakuwaje?

MtoKiwira

Dada, nitakuambia niliyoyaona na wengine waongeze.

Utatazamwa. Si kuangaliwa na kupitwa, watu watasimama. Mtoto mdogo anaweza kulia. Mama mzee anaweza kukushika mkono na kuusugua kidogo, na nywele zitaguswa kama hukusema kitu. Vijana watarekodi video na kuziweka mtandaoni kabla hujamaliza chai. Wengi wao hawajawahi kumwona mtu mweusi isipokuwa kwenye simu.

Tusidanganyane, yapo pia maneno yanayouma. Kuna wanaoamini Afrika yote ni njaa, na kuna atakayesema mbele yako kwamba rangi yako si nzuri akidhani hukuelewa. Mimi siyapokei kwa kimya na sishauri mtu ayapokee. Ninajibu kwa upole, kwa Kichina, na mara nyingi mwenye nyumba ndiye anayemkemea aliyesema, kwa sababu ukimdharau mgeni wake umemdharau yeye. Hapo ndipo utajua tofauti ya kuja na mwenyeji na kuja peke yako.

Siku ya kwanza acha mwenyeji akuzungushe. Salimia wazee kwanza. Kama kuna siku ya gulio, nendeni wote; maeneo mengi ya Hunan gulio linafuata tarehe za mwezi wao, kwa mfano zinazoishia na 1, 4 na 7, na tarafa nzima inakuwa pale. Wakikuona gulioni umebeba kapu la bibi, habari inaenea, na siku ya pili unakuwa mgeni wa nyumba ile, si kioja tena. Kuhusu nywele, kataa kwa kuweka mkono wako juu ya kichwa na kutabasamu. Wanaelewa. Usalama wa kawaida, wizi na usumbufu wa usiku, sijausikia kwa dada yeyote aliyekwenda kwa familia.

Watakuuliza umri, mshahara, umeolewa, kwa nini bado. Wanaulizana hivyo hivyo wao kwa wao.

Mzigo_wa_Lushi

Jambo bandugu. Mimi ni mtu wa Lubumbashi, biashara yangu iko Guangzhou. Nathibitisha aliyosema mkuu kuhusu mwenyeji. Mtu ninayenunua kwake vitambaa ni wa Chaoshan, mashariki ya Guangdong, upande wa Shantou. Tulianza kwa bei, leo watoto wake wananiita mjomba.

Kule kwao chai ndiyo kila kitu. Vikombe vidogo sana, birika dogo, mtu hazungumzi biashara kabla ya duru ya tatu. Na mababu. Nilifika mwezi wa kwanza wa kalenda yao, wakati vijiji vinatoa miungu yao hekaluni na kuizungusha mitaani kwa ngoma na fataki. Kila nyumba imetoa meza mbele ya mlango: bata bukini mzima, matunda, keki, uvumba. Mimi ni Mkatoliki na niliwaambia mapema kwamba sitashika uvumba. Hakuna aliyekasirika. Nilisimama pembeni kwa adabu, nikabeba viti, nikala nao baadaye. Nasema hili kwa sababu Wakristo na Waislamu wengi wanaogopa mwaliko kwa ajili ya ibada za mababu. Sema mapema, simama kwa heshima, inatosha.

Zawadi: nilipeleka kitenge kwa mama yake. Alikishona pazia la sebule.

MtoKiwira

Mkuu wa Lushi, asante.

Zawadi nimeulizwa kwenye ujumbe wa faragha, najibu hapa. Usiende mikono mitupu, na usiende na kitu kimoja kikubwa cha kujionyesha. Desturi ya kijijini ni vitu vya dukani vinavyoonekana: katoni ya maziwa, boksi la matunda, chai, pombe kwa wanaokunywa. Vya kwetu vinavyopendwa ni korosho na kitenge. Kahawa wazee wanaishangaa tu. Usipeleke saa ya ukutani, wala usimpe mwanamume kofia ya kijani. Toa na pokea kwa mikono miwili. Vijiti usivichomeke wima kwenye wali, hivyo ni sadaka ya marehemu.

Wakati wa mwaka mpya watoto hupewa bahasha nyekundu zenye noti mpya. Kiasi kinatofautiana sana mkoa hadi mkoa, muulize rafiki yako kwao wanatoa ngapi, epuka kiasi chenye namba 4. Bibi anaweza kukupa na wewe. Kataa mara moja au mbili, kisha pokea, usiifungue mbele yake. Mwenyeji wako usimpe fedha ya malazi hata siku moja. Toa jasho badala yake: osha vyombo, menya, beba, cheza na mtoto, msaidie kazi ya Kiingereza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na familia za wakulima wa China hazikupi jembe hata ukiomba, kwa hiyo lichukue mwenyewe.

Sasa sheria, na hapa tafadhali msome taratibu. Mgeni asiyelala hotelini, yeye au mwenyeji wake anatakiwa kuandikisha makazi kituo cha polisi cha eneo hilo ndani ya saa 24 tangu kufika. Ni sheria ya uingiaji na utokaji iliyoanza kutumika Julai 2013, na kutofanya hivyo kunaweza kuleta onyo au faini ya hadi yuan 2,000. Haijalishi kwamba wewe ni mwanafunzi mwenye kibali cha ukaazi cha mji mwingine. Nenda na pasipoti, mwenyeji aje na kitambulisho chake na kitabu cha usajili wa kaya. Vituo vya miji midogo vingine havijawahi kuandikisha mgeni, na mnaweza kukaa saa kadhaa wakipigiana simu na makao ya wilaya. Vumilia na ushukuru. Ukiliruka, atakayeulizwa baada ya wewe kuondoka ni yule mzee aliyekupa kitanda.

Maeneo machache yamefungwa kwa wageni bila kibali maalumu, na Tibet ina kibali chake. Watanzania na Wakenya tunahitaji viza kabla ya safari. Ndugu zetu wenye pasipoti ya Oman waliruhusiwa kuingia siku 30 bila viza kuanzia Juni 2025, kwa majaribio, wahakikishe hali ilivyo sasa.

KijanaTukuyu

Mkuu, nimesikia wazee wa China wanaijua Tanzania kwa sababu ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Ni kweli au ni maneno ya wanasiasa?

MtoKiwira

Ni kweli, na kwa wazee ina uzito ambao vijana hawana. Reli ile ya kilomita 1,860 ilijengwa kati ya 1970 na 1975, Wachina waliokuja kufanya kazi katika miaka hiyo wanakadiriwa kufika 50,000, wakati China yenyewe ilikuwa maskini. Mtu aliyekuwa kijana miaka hiyo aliisikia redioni kila siku.

Kijiji kimoja nilipotambulishwa, mzee mmoja aliyekuwa kimya kwenye kona ya moto alilitaja jina la reli kwa Kichina, akauliza kama bado inatembea. Nikamjibu kwa ukweli: inatembea, imechoka, na inafanyiwa mipango ya kufufuliwa. Kwenye simu nilikuwa na picha za makaburi ya Wachina pale Gongo la Mboto, wale waliofia kazini. Aliishika ile simu muda mrefu, akaita wenzake. Wakaulizana walikuwa watu wa mkoa gani, nani anayefagia makaburi. Nikawaambia panatunzwa, na siku ya kuwakumbuka wafu mwezi wa nne watu hupeleka maua. Tangu hapo kiti changu kilihamishwa karibu na moto.

Kwa hiyo Mtanzania anayekwenda kijijini China awe na picha hizo. Wazee wa kweli wa kuzungumza nao juu ya jambo hili wanapungua kila mwaka.

Dada wa Kapsabet

Nimeelewa. Lakini mimi sina rafiki Mchina, na sijui lugha. Nitaruka hadi Guangzhou, nina wiki mbili. Mtu kama mimi afanye nini?

MtoKiwira

Dada, basi tumia nyumba za wakulima wanaopokea wageni kwa malipo. Ni biashara iliyoanza miaka ya 1980 kandokando ya Chengdu na leo iko kila mkoa. Chagua ndogo inayoendeshwa na familia, mama anapika, mtoto anafanyia kazi za shule mezani. Polisi wanawajua, na kukuandikisha ni kazi ya wenye nyumba. Piga picha za mtu baada ya kuomba, na siku ya kwanza usiombe.

Kutoka Guangzhou ningekuelekeza njia mbili. Ya kwanza ni Guilin kwa treni ya kasi, kisha basi hadi mashamba ya ngazi ya Longji, wilaya ya Longsheng. Lala Dazhai, kijiji cha Wayao, moja ya makabila madogo ya China, angalau usiku miwili au mitatu; wageni wa siku moja wanaondoka alasiri na kijiji kinarudi kwa wenyewe. Mei na Juni mashamba yamejaa maji, mwisho wa Septemba mpunga umeiva. Utawakuta akina mama wanaobeba mizigo ya wageni kwa vikapu mgongoni kupanda mlima. Usione aibu kumpa mmoja wao begi lako, ni kazi yake na anaitegemea.

Ya pili ni mkoa wa Fujian, kwa Wahakka, Wachina wenye lahaja na mila zao, kwenye majumba ya udongo ya duara ya Yongding. Fujian nzima yako majumba ya udongo 46 yaliyoingizwa urithi wa dunia mwaka 2008. Lile la Chengqi lilijengwa mwaka 1709 na lina vyumba karibu 400, ukoo mmoja. Siku hizi waliobaki ndani ni wachache, ila katika majumba madogo yasiyo na foleni bado utakuta bibi anakausha mboga uani na atakukaribisha chai.

Vijiji vikubwa vya tiketi, kama Hongcun kule Anhui au Xijiang ya kabila la Wamiao huko Guizhou, ni vizuri kwa macho, ila usitegemee kupata familia pale wakati wa likizo za kitaifa.

Lugha: weka programu ya kutafsiri inayofanya kazi bila intaneti, na ujue kwamba wazee wengi wanasema lahaja yao tu, hata Kichina cha shule hakiwasaidii. Mjukuu wa miaka kumi ndiye atakuwa mkalimani wako. Unganisha kadi yako ya benki na Alipay au WeChat, programu za kulipia kwa simu, ukiwa bado Nairobi, na ubebe noti kidogo kwa ajili ya bibi wa gulioni. Google na WhatsApp hazifunguki kwa laini ya huko, ila laini yako ya Kenya ikiwa na huduma ya nje kwa kawaida inafungua.

Ukishajua tarehe ziandike hapa. Nina mwanafunzi mwenzangu ambaye kwao ni Longsheng, nitamuuliza kama mama yake atakuwa nyumbani.